Ubao Ulioitwa Bi Harusi

Kila asubuhi, kwa miaka miwili, Msumari alikwenda kumfunga shemeji yake vifungo vya shati. Mtaa mzima ulimsifu. "Huyu si shemeji, huyu ni yaya," walisema, naye akacheka nao.

Shemeji huyo, kaka wa mkewe, aliitwa Rula kwa sababu hakuvumilia kitu kilichopinda. Mbao zilifika karakanani kwake na magome yake ubavuni, zimepinda kama zimelewa. Dawa yake ilikuwa ubao mmoja mrefu, mnyoofu kama uzi, aliouita Bi Harusi. Aliukaza kwa skrubu juu ya ubao wenye magome, kisha akausukuma, Bi Harusi akiteleza kwenye ukingo wa chuma wa msumeno wa meza, na upande wa pili meno yakila magome. Ubao ulioingia mlevi ulitoka umenyooka.

Mgongoni mwa Bi Harusi alikuwa amepaka mstari mwekundu. Mkono haukuruhusiwa kuuvuka kuelekea kwenye meno. Aliyeuvuka hata mara moja alifukuzwa siku hiyohiyo. Mpwa wake mwenyewe alitimuliwa na kikombe cha chai mkononi.

Jumamosi moja, Rula akiwa kwa kinyozi, Msumari alimchukua Bi Harusi bila kuaga. Alitaka kitu cha kusimamia apake rangi dari ya chumba chao. Angemrudisha Jumatatu mapema. Nani angejua?

Jumatatu usingizi ukamzidi. Alipoamshwa na kelele za mtaani, Rula alishapelekwa hospitali, vidole viwili havipo. Walimkuta amekaa mlangoni pa karakana, mkono kauzungushia shati, mashine kaizima mwenyewe. Alichosema ni maneno matatu tu: "Bi Harusi hayupo."

Basi, watu wakamalizia wenyewe: mwizi kaiba ubao, fundi kapasua bila mwongozo, mti ukamgeuka.

Msumari akatazama pale chumbani alipouegemeza ubao. Bi Harusi hakuwapo. Mkewe alishakimbilia hospitali, na jikoni alikuwa ameacha kuni zikiwaka vizuri ajabu, kuni kavu, zisizo na moshi. Msumari akazitazama mpaka zikawa majivu. Hakuuliza siku hiyo, wala siku nyingine. Kuuliza kungekuwa kujitaja. Akaenda karakanani, akaosha meza ya msumeno. Ilikuwa na damu tu, hata kipande cha mbao hakuna.

Lawama ikatafuta pa kutua, ikatua kwa Mama Maranda, mjane aliyezunguka karakana alfajiri akizoa maranda ya kuku wake. Wa kwanza kumtaja alikuwa mke wa Msumari.

"Nani mwingine anapita ule mlango alfajiri? Nitajieni mmoja!"

Hawakumtajia. Tangu hapo Mama Maranda akipita, watu huingiza ndoo zao ndani.

Na sasa binti yake ameposwa. Wakwe walikuja kuulizauliza mtaani, wakaambiwa, wakaondoka bila hata kumaliza soda. Jumapili wangerudi kutoa neno la mwisho.

Jumamosi asubuhi Msumari akavaa viatu.

"Unakwenda wapi na uso huo, kama umemeza sabuni?" mkewe alimwuliza. Alikuwa anatoka kurudisha sufuria ya jirani, bado inachuruzika maji. Ndivyo alivyo: kitu cha watu kikimaliza kazi hakilali kwake.

"Kwa kaka yako."

"Mwambie wale wakwe wakimwuliza, aseme ukweli. Asimwonee mtu haya."

Rula alikuwa chumbani kwake nyuma ya karakana, shati wazi, kifua mbele, akisubiri kama mtoto wa shule. Msumari hakugusa vifungo.

"Shemeji, mwizi wa Bi Harusi ni mimi."

Akayamwaga yote: dari, rangi, usingizi, kuni. Rula alimsikiliza akitazama mkono wake wa vidole vitatu.

"Kwa hiyo vifungo vyote hivi, miaka miwili..."

"Nilikuwa nalipa deni, shemeji."

"Na mimi nikadhani una roho nzuri tu."

"Kesho nawaambia wakwe. Yule mama hana kosa."

"Usithubutu."

"Shemeji, binti wa watu anakosa ndoa!"

"Nimesema usithubutu!" Ile sauti iliyozoea kufukuza watu ilikuwa inatetemeka. Rula akakaa kitandani, akasimama, akakaa tena. "Unasema ulikuwa nao Jumamosi? Nyumbani kwako?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana." Alijifuta jasho kwa kiganja. "Jumatatu ile nilifika, nikaukuta umeegemezwa mlangoni, kwa nje. Umefutwa vumbi na kila kitu. Nikajiuliza, nani kautoa nje?"

Msumari akaikumbuka ile sufuria inayochuruzika maji.

Rula alipiga magoti, akavuta kutoka mvunguni kitu kirefu kilichofungwa shuka, akaanza kukifungua mwenyewe, fundo moja baada ya jingine, bila kusaidiwa. Ndani alikuwa Bi Harusi, mzima, mnyoofu, na ubao wa magome bado umekazwa kwa skrubu tumboni mwake. Meno ya msumeno yalikuwa yameupasua ubao ule hadi nusu, yakaishia hapo.

Damu ilikuwa imekaukia ng'ambo ya mstari mwekundu, upande wa meno.