Kipengele cha Saba

Mgeni aliingia bila hodi, akaweka fomu yake juu ya fomu aliyokuwa akiijaza yule binti.

"Nimeambiwa hapa kuna mtu anajua kuandika maombi ya kazi za serikali," alisema. "Dirisha linafungwa saa sita."

Ilikuwa saa nne na nusu. Binti alikuwa na shahada ya kilimo, kiti kimoja, na kona katika kibanda cha fotokopi cha shangazi yake, mkabala na ofisi za wilaya. Katika fomu yake mwenyewe kilikuwa kimebaki kipengele cha saba tu: *Eleza uamuzi mgumu uliowahi kuufanya, na matokeo yake.* Alikuwa akikitazama tangu asubuhi. Nafasi ya ofisa kilimo haikuwa imetangazwa kwa miaka mitatu, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Alifungua mdomo amwambie asubiri. Ndipo mgeni akakohoa mara mbili, vikohozi vifupi vikavu, na binti akaufumba.

Kikohozi kile alikijua. Miaka sita iliyopita, yeye akiwa na sare ya shule iliyolowa mvua, alisimama na mama yake nje ya geti la mtu huyu wakimwomba neno moja tu. Alikohoa mara mbili, akasema hana la kusema, akafunga geti. Walirudi siku sita mfululizo. Siku ya saba aliwafungulia mbwa.

Shangazi naye alikuwa amemtambua. Alimvuta binti nyuma ya mashine, kama anayemtafutia karatasi.

"Mungu si Athumani," alinong'ona. "Kaletwa na miguu yake mwenyewe. Mharibie. Kosea tarehe, kosea namba, asiitwe hata kwenye usaili."

"Hapana, shangazi. Nitamwandikia vizuri kuliko alivyowahi kuandikiwa."

"Huo moyo wako utakuja kukuponza."

Mgeni alikuwa anaomba usimamizi wa mabwawa ya mkoa. Vipengele sita vilikwenda haraka. Kwenye cha saba akasita.

"Andika tu kwamba tulikabiliana na mafuriko kwa ushirikiano."

"Mzee, hilo halikupi alama hata moja. Wanaajiri mtu, hawaajiri kijiji. Wanataka siku, saa, na mkono wako ulifanya nini."

Mgeni alimtazama kidogo, kisha akacheka. "Kumbe kazi unaijua. Haya. Alfajiri ile maji yalikuwa yamefika ukingoni. Bwawa lingepasuka. Likafunguliwa lango kuu."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Nani tena? Yangu. Ufunguo nilikuwa nao mimi peke yangu."

"Wenzako walisemaje?"

"Kulikuwa na mtu mmoja wa zamu. Akaniletea woga wake, eti huko chini kuna nyumba za watu. Nikamsukuma pembeni, nikazungusha gurudumu kwa mikono hii miwili."

Binti aliandika pole pole, bila kukata herufi.

"Hicho ndicho wanachokitafuta," alisema. "Matokeo?"

"Bwawa lilipona."

"Na huko chini?"

Mgeni akakohoa mara mbili. "Wameuliza habari za uamuzi, hawakuuliza habari za nyumba."

Binti alimsomea yote, neno kwa neno. Mgeni alisikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayesimuliwa habari za shujaa fulani. Chini ya mstari wa *Nathibitisha kuwa haya yote ni kweli* alitia sahihi ndefu yenye mkia, mara mbili: kwenye fomu ya dirishani na kwenye nakala ya kumbukumbu.

Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Nje, foleni ilikuwa imefika barabarani.

"Goti langu haliwezi foleni," mgeni alisema. "Nifikishie wewe. Niahidi."

"Nakuahidi. Itafika leo, na sitabadilisha hata neno."

"Nikiipata kazi hii, nitakukumbuka, mwanangu."

"Utanikumbuka, mzee."

Alipotoka, shangazi aliisukuma fomu ya binti mbele yake. "Dakika ishirini zinakutosha kujaza hicho kipande. Ya huyo iache. Na mimi usinitume, karatasi ya mtu yule siigusi."

"Nimeahidi, shangazi."

"Umemwahidi nani? Yule?"

Binti alikuwa ameshatoka.

Alifika dirishani zikiwa zimebaki dakika mbili. Karani aligonga muhuri kwenye fomu, kisha kwenye nakala.

"Na wewe? Si nawe ulikuwa unaomba?"

Fomu yake ilikuwa bado kibandani, kipengele cha saba kitupu. "Mwaka mwingine," alisema, na dirisha likashushwa.

Hakurudi kibandani. Alivuka ua hadi masjala ya mahakama, akailaza nakala juu ya kaunta, muhuri ukiwa bado mbichi.

"Ni ya rufaa ya baba yangu," alisema. "Ndiye aliyekuwa zamu alfajiri ile. Huu ni mwaka wake wa sita gerezani kwa kosa la kulifungua lango."