Siku Nyuzi Ziliponyamaza

Zamani, msitu ulipokuwa bado ukilala macho wazi, Buibui alitandaza nyuzi zake mti kwa mti, na wimbo ulioimbwa kwenye uzi mmoja ulisikika msitu mzima.

Chiriku hakupenda kuigwa. Akaenda kwa Mfalme Nyati. "Ninachoimba leo, kesho kiko mdomoni mwa kila mtu!"

Nyati akaamuru: uzi wowote utakaobeba wimbo wa kuazima utakatwa.

"Haya," akasema Bibi Chura. "Kesho tunyamaze sote, Mfalme aionje sheria yake."

Kulipokucha, hakuna aliyelia. Umande ulining'inia kwenye nyuzi kama shanga, na msitu ukawa kama umesahau jina lake. Chiriku akafurahi moyoni: leo ni mimi tu. Akatua kwenye uzi, akaimba.

"Mwanzo huo ni wangu," Bibi Chura akasema taratibu. "Nilikuwa nikikuimbia ungali kwenye yai."

"Na kiitikio ni changu," akasema Nyenje.

Nyati akainua pembe akate uzi.

"Subiri, Mfalme! Nitaimba wa kwangu mwenyewe!" Chiriku akauondoa mwanzo, akakiondoa kiitikio, akafungua mdomo. Ikatoka pumzi tu, na shanga za umande zikadondoka mojamoja.

Akainamisha kichwa. "Bibi, naomba unianzishie."

Bibi Chura akaanzisha. Chiriku akapokea, Nyenje akaitikia, na pembe za Nyati zikashuka zenyewe, maana naye alishaanza kuufuata wimbo kwa kwato.

Hadi leo, alfajiri, Chiriku haimbi kabla ya Chura.