Shimo Pana la Fuko

Palikuwa na msitu ulioota kwenye mchanga, na chini ya mchanga ule jiwe la chokaa. Wanyama walichimba dimbwi la kukingia mvua. Kila mvua ikinyesha lilijaa, na kila alfajiri lilikuwa kavu, watoto wakirudi kulamba umande.

Nungunungu, ambaye hakumwamini hata mama yake, akamtilia shaka Fuko. Nani mwingine anaishi chini? Tena Fuko mwenyewe ni wa kujaa kiganjani, lakini shimo lake lilikuwa pana kama la fisi!

"Jirani, shimo lote hilo la nini?"

"Nafuata maji, mzee wangu. Mchanga huu hauyashiki, na jiwe la chini lina nyufa. Yanapita."

"Yanapita kooni mwako!"

Akaliziba shimo kwa jiwe, Fuko akiwa humo humo. Mvua iliyofuata akakaa ukingoni mwa dimbwi, macho kodo. Hakuja mtu. Maji yakashuka yenyewe, taratibu, mpaka ukabaki mchanga mtupu.

Nungunungu akarudi mbio, akaliondoa jiwe. "Fuko! U hai?"

"Ni hai," sauti ikajibu kutoka chini kabisa. "Maji yote yako huku, pangoni. Waite wenzako. Ningemaliza njia zamani, ila miiba yako ndiyo iliyonichelewesha."

Nungunungu hakuelewa mpaka aliposhuka. Njia nzima, hakuna mwiba wake hata mmoja uliogusa ukuta.