Hitima ya Tarehe Tisa

Siku hizi kila tarehe inaruhusiwa jambo moja tu. Tarehe tisa Julai ni siku aliyozaliwa Muasisi wa taifa, kwa hiyo ni ya sherehe tu, ni marufuku kulia. Mama yangu alifariki tarehe hiyo hiyo.

Asubuhi nilitandika mkeka barazani, nikachemsha kahawa ya hitima. Balozi wa mtaa wetu, Mzee Ngwali, akaja mbio na maua ya sherehe mkononi.

"Binti Sharifu, kunja mkeka. Hitima ipeleke tarehe kumi na moja. Iko wazi, hakuna mkubwa aliyezaliwa wala kufa."

"Shikamoo, mzee." Sikuzoea kubishana na watu wazima. "Tarehe kumi na moja mama alikuwa ameshazikwa."

"Wenzako wote wamehamisha. Hata marehemu mke wangu nimempeleka Agosti."

"Na hiyo Agosti unamlilia?"

"Watakufutia tarehe yako ya kuzaliwa, mwanangu. Asiye na tarehe hapati kazi, haolewi, hazikwi."

Nilimimina kahawa hadi ikamwagika. "Wanifutie. Aliyenizaa ni mama."

Kipaza sauti cha mtaa kikaamuru vigelegele. Mimi nikaanza kusoma Yasini, kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa mbele za watu. Taa ya mlango wangu ikageuka nyekundu, alama ya aliyefutiwa tarehe.

Mzee Ngwali aliitazama. Kisha akaweka maua chini, akavua viatu, akakaa mkekani na kusoma pamoja nami. Ng'ambo ya barabara, taa ya mlango wake nayo ikawa nyekundu.