Kanga ya Soko Zima

"Dada, ukimaliza kumimina chai, kaa kwenye kompyuta unisogezee picha," Fidele aliniambia mbele ya wageni. Akasimama kando ya ukuta, ambapo mchezo wetu wa kompyuta, soko la Kasulu, ulikuwa umemulikwa kwa projekta. Wageni walikuja kuchagua kiongozi wa mradi.

"Wanawake hawa wote nimewachora mimi," akasema. "Huyu dada alinisaidia rangirangi tu."

Nilimchora mimi mwanamke mmoja, muuza maharage, nikamfunga kanga ya marehemu mama yangu, yenye pindo jekundu lililochanika kidogo begani. Fidele alimnakili hadi soko likajaa. Mpasuko uleule ulikuwa kwenye kila bega.

Alidhani kila nakala imepata kanga yake, wala hakuzitenganisha. Kumbe wanawake wote walivaa picha moja ileile ya kanga, ukiibadilisha hiyo wote wanabadilika, nami nilikuwa nimeshakaa kwenye kompyuta na kuifungua.

"Mbona kimya, dada? Umesinzia?" akanitania. Wageni wakacheka.

"Nipo, kaka. Nawavalisha."

Kwetu kanga husema yale ambayo mwanamke hasemi kwa mdomo. Nikafuta maandishi ya zamani, nikaandika mapya kwa herufi kubwa: FIDELE AMENIIBIA KAZI.

"Sasa tuingie sokoni," akasema, bado amewageukia wageni, ukuta ameupa mgongo.

Nikabonyeza kuhifadhi.

Soko zima likabadilika mara moja. Mama mmoja kati ya wageni akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti.