Jiko Lisilo na Moshi

Atupele alimnunulia mama yake jiko la mafuta ya taa, maana moshi wa kuni ulikuwa ukimkohoza, na baridi ya mji ule haina huruma. Alipokuja kumjulia hali, alikuta chumba kina joto zuri.

"Kifua vipi, mama?"

"Kimepona, mwanangu. Tena linawaka upesi, sihangaiki na kuni."

"Mbona umenyong'onyea?"

Mama alisita. "Jirani yangu Sekela alikuwa akiniletea kuni kila jioni, tunaota moto tukiongea. Nilimwambia asijisumbue tena. Naona alielewa vingine."

Mama alijitanda shuka, akatoka na kigoda, akakaa nje kwenye ukungu akitazama moshi uliofuka juu ya paa la Sekela.