Sikio la Kambale

Harufu ilitangulia kuingia. Mwenyewe akafuata, mlango ukafungwa, na tabibu wa masikio akajutia chai aliyokunywa asubuhi.

Alikuwa na mwezi mmoja tu katika zahanati hii, lakini miaka kumi na minne katika kazi. Alishatoa punje za mahindi, shanga, hata mende mzima anayefurukuta. Hakuwahi kuvaa barakoa mbili kwa ajili ya sikio. Leo alivaa.

"Nisikupotezee muda, daktari," mgonjwa alisema, akifuta kitu cha kijani kilichokuwa kikimtiririka shavuni. "Niandikie tu cheti cha bwawani. Tarehe kumi na nane sisi walimu tuna jaribio. Kila mtu anapiga mbizi, anapandisha sanamu ya mtu aliyezama kutoka kule chini penye kina. Bila karatasi yako, kazi sina."

"Nikuandikie bila kukuangalia?"

"Aliyekutangulia alikuwa haangalii. Anafungua dirisha, anaandika, anagonga muhuri, namwachia hewa yake. Miaka tisa hii."

Tabibu aliamini kila neno, na hilo lilimkera kuliko usaha wenyewe. Mtu na elimu yake anaona kinyaa, anachukua kalamu, anamwacha mwenzake aendelee kuoza.

Tabibu alikuwa anamfahamu mgonjwa huyu, mwalimu wa kuogelea, kama alivyofahamika kwa kila mzazi wa pale mjini. Watoto walimwita Kambale kwa ajili ya masharubu yake marefu. Binti wa tabibu, mwenye miaka minane, alikuwa na wiki ya tatu kwake. Siku hizi mtoto hulala chali kitandani, mikono ameitandaza, akikariri somo: usipigane na maji, tazama juu, vuta pumzi, yatakubeba. Mpaka sasa walikuwa wakifunzwa kwenye maji ya kiunoni. Baada ya jaribio la walimu watahamishiwa penye kina, na wa kuwarukia wakizama atakuwa huyu huyu anayechuruzika hadi kwenye ukosi wa shati. Kama ngoma ya sikio lake imetoboka, maji baridi yatapenya, kizunguzungu kitampiga, na hatajua juu ni wapi na chini ni wapi. Watazama wote wawili, yeye na mtoto wa mtu. Mtoto wake yeye, pengine.

"Sitii sahihi kitu nisichokiona," alisema. "Kaa hapo."

Alipiga moyo konde, akawasha mashine ya kunyonya uchafu. Kwanza ulikuja uji wa kijani, mzito, ukikoroma ndani ya mpira. Kisha vikaja vipande vya pamba, vyeusi, vilivyoshikana na nta. Kisha kichwa cha njiti ya kiberiti. Mwisho ukatoka utando kama ule wa maziwa yaliyopoa, ukakatika, na kipande kikamrukia juu ya mkono, palepale glavu ilipoishia. Alikwenda dirishani akasimama kidogo, akihesabu magari yanayopita.

"Mwalimu, hivi huoni hata aibu?" aliuliza aliporudi. "Hao watoto wa watu unawaambiaje kuhusu masikio?"

Kambale akatoa jibu bila kuvuta pumzi. "Ukitoka majini inamisha kichwa upande, vuta sikio taratibu, maji yatoke yenyewe. Futa kwa ncha ya taulo, nje tu. Usichokonoe kwa kijiti, wala kalamu, wala ukucha. Likiuma, mwambie mama mapema."

"Sasa hii njiti ilijipeleka?"

"Linawasha, daktari."

Tabibu alinyonya, akafuta, akanyonya tena, na kila alipodhani amefika mwisho, sikio lilitema kingine. Ilimchukua dakika arobaini. Kisha akainama na kurunzi yake akachungulia, akachungulia tena.

"Una bahati ya ajabu," alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilikuwa na uchangamfu. "Ngoma nzima. Haina hata tundu la sindano."

"Una hakika? Hebu angalia tena."

"Nimeangalia mara mbili. Ni uchafu tu uliokuwa unakutesa. Weka matone siku saba, usiliguse, usililoweshe. Siku ya jaribio utapiga mbizi na kuwaaibisha vijana wote."

Kambale alifumba macho, midomo ikimtetemeka. Tabibu aliona ni shukrani, maana aliwahi kuona wanaume wakubwa wakilia kwenye kiti kama kile baada ya kuanza kusikia. Aliandika cheti kwamba ifikapo tarehe kumi na nane mgonjwa anaruhusiwa kuingia majini, akagonga muhuri, akamkabidhi. Roho yake ilikuwa nyeupe. Binti yake angekuwa na mlinzi mzima.

"Ningoje kwenye benchi hapo nje. Nakwenda kukuchukulia matone dirisha la dawa."

Aliporudi na kichupa chake, benchi lilikuwa tupu. Mwisho wa ukumbi, karibu na mlango wa vyoo, mfagiaji alikuwa ameacha ndoo ya maji aliyodekia vyoo vyote vya zahanati. Kambale alikuwa amechuchumaa kando yake. Alichota kwa kiganja, akainamisha kichwa upande, akajimiminia ndani ya sikio lile lililosafishwa, taratibu, kama mtu anayefuata maelekezo ya dawa. Maji meusi yalimshuka shingoni. Akachota tena.

Tabibu alimdaka mkono.

"Niandikie kingine, daktari, useme nisiingie majini," Kambale alisema, bado amechuchumaa. "Kama alivyokuwa ananiandikia mwenzako kila mwaka. Mimi sijui kuogelea."